Muuguzi Asome Lini?

Katika jiji hili la Dar es Salaam, mhasibu anayetaka shahada ya uzamili haachi kazi. Anatoka ofisini alasiri, anapambana na foleni mpaka Upanga au Mlimani, anaingia darasani jioni na kutoka usiku, na baada ya muda wake kutimia anapigwa picha akiwa amevaa joho. Ofisa utumishi hufanya hivyohivyo. Meneja wa benki naye pia. Kampasi ya Dar es Salaam ya Chuo Kikuu Mzumbe imewahudumia watu wa aina hiyo kwa miaka mingi, na Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina uzamili wake wa jioni. Sina ugomvi na utaratibu huo. Baadhi ya wanafunzi bora niliowahi kuwasimamia walikuwa watu wazima waliofika darasani wamechoka, tai zimelegezwa shingoni, lakini wakijua vema kwa nini wamekuja.

Ugomvi wangu ni kwamba mlango huo haukufunguliwa kwa muuguzi. Anayetaka kubobea katika uuguzi wenyewe, yaani kuwahudumia wagonjwa mahututi na majeruhi, au wagonjwa wa akili, au katika ukunga na afya ya wanawake, anakuta kwamba programu zipo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinazo, na nakipongeza kwa kuwa nazo. Lakini uzamili wa uuguzi katika vyuo vyetu vya umma umejengwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa kutwa, wa miaka miwili, asiye na zamu ya usiku wala mgonjwa anayemsubiri. Mwanafunzi huyo ni nadra kumpata katika taaluma ambayo watu wake wengi wako wodini.

Tazama jambo la ajabu linalotokana na hali hii. Chuo hichohicho cha Muhimbili kina uzamili wa afya ya jamii wenye njia ya watendaji, iliyotengenezwa kwa ajili ya walio kazini. Ni programu nzuri. Muuguzi mwenye shahada ya kwanza anayetafuta mahali pa kusomea bila kuacha mshahara anaiona hiyo, au anauona uzamili wa utawala wa umma wa jioni, au ule wa usimamizi wa biashara. Anajiandikisha. Akimaliza, hana tena sababu ya kubaki kando ya kitanda cha mgonjwa. Anatafuta kazi ya uratibu wa mradi, au dawati katika halmashauri, au nafasi katika shirika lisilo la kiserikali. Nimekutana na wauguzi wa namna hii katika semina na warsha, wengi wao watu wenye akili kali, na kila mara najiuliza ni nani aliyebaki na wagonjwa wao. Njia iliyo wazi kwa muuguzi aliye kazini ni ile inayomtoa wodini, na njia ambayo ingemrudisha wodini akiwa mjuzi zaidi inamtaka kwanza aache kazi. Kisha tunakaa mezani kulalamika kwamba wauguzi wanaikimbia taaluma!

Mimi ni mkazi wa Mabibo. Wasioijua Mabibo huijua kwa mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu, au kwa soko la Mahakama ya Ndizi, au kwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Sisi tunaoishi huku tunaijua pia kama mtaa wa watumishi wa ngazi ya kati: walimu, makarani, askari, wauguzi. Kwa kuwa jirani zangu wanajua kazi yangu, kila mwaka msimu wa maombi ya vyuo ukianza hunijia mmoja wawili wakiomba niwasomee barua zao au niwaeleze maana ya sharti fulani la udahili. Ni katika vikao hivyo vya barazani nilipoanza kuielewa ratiba ya muuguzi. Wiki hii yuko zamu ya asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku. Mwenzake akiugua, anaitwa siku yake ya mapumziko. Akitoka zamu ya usiku hapelekwi nyumbani na gari la ofisi. Anapanda daladala alfajiri pamoja na wachuuzi wa ndizi, anafika, anawaandaa watoto kwenda shule, ndipo analala. Jirani yangu mmoja alinionyesha mtiririko wa zamu zake za mwezi mzima ulioandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Nilijaribu, kwa uzoefu wangu wa kupanga ratiba za vipindi, kumtafutia jioni tatu za kudumu katika kila wiki. Hazikupatikana. Zilipatikana siku mbili mfululizo za mapumziko zilizokuwa zikihamahama, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hata darasa la jioni la mhasibu lisingemfaa. Muuguzi anahitaji kitu chake, kilichopangwa kwa kuitazama zamu.

Mtu atasema: aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri. Ndiyo, utumishi wa umma unayo ruhusa hiyo, na wako waliofaidika nayo. Lakini ruhusa hutegemea mpango wa mafunzo wa mwajiri, bajeti ya mwajiri, na hesabu ya watakaobaki. Katika idara ya uhasibu mtu mmoja akienda masomoni, faili zake hugawiwa wenzake, na likichelewa moja hakuna anayekufa. Katika wodi ya wazazi yenye wakunga wachache, akiondoka mmoja, muuguzi mfawidhi anajua ni usiku upi atabaki mkunga mmoja na wajawazito wote. Kwa hiyo anasita kupitisha barua. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningesita pia. Tumetengeneza mfumo ambamo kiongozi mwenye huruma kwa wagonjwa hana budi kuwa kikwazo cha elimu ya wasaidizi wake, na msaidizi anayeng'ang'ania kusoma anaonekana msaliti.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo uonevu unapovaa suti. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Miongozo yake kwa waombaji wa shahada ya kwanza imekuwa ikiweka masharti ambayo kila mwanafunzi wangu anayajua kwa moyo: mwombaji asiwe na kipato kitokanacho na ajira au mkataba rasmi, asizidi umri wa miaka 35, na awe amehitimu elimu yake ya awali ndani ya miaka mitano iliyopita. Dirisha la uzamili na uzamivu nalo limekuwa finyu, likiwatazama zaidi wanataaluma wa vyuo vikuu vya umma. Muuguzi wa hospitali ya wilaya hayumo humo.

Mantiki ya sharti la ajira inaeleweka: fedha hazitoshi, basi zianze kwa mtoto wa mkulima asiye na kitu. Lakini hebu tuipime mantiki hiyo kwa mwendo wake wote. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Serikali imeanza kuwakopesha vijana wanaosoma stashahada katika fani za kipaumbele, na afya ni mojawapo. Ni uamuzi mzuri sana. Sasa mfuate kijana huyo. Anakopeshwa, anasoma stashahada ya fani ya afya, anasajiliwa, anaajiriwa, anaanza kulipa. Siku anapotaka kupanda kwenda shahada ya kwanza, anaambiwa: wewe una ajira, hustahili. Angebaki bila kazi, akae nyumbani akiusahau ujuzi wake, angalau angekuwa na sifa ya kuomba. Nchi inayolia upungufu wa wauguzi inampa motisha muuguzi asitafute kazi.

Na kuna kichekesho kingine, kama wodi za wagonjwa zingekuwa mahali pa kuchekea. Kwa miaka mingi Bodi imehangaika kuwasaka wadaiwa wake. Majina yametangazwa, waajiri wamehimizwa kuwafichua, na mwaka 2016 sheria ikabadilishwa ili makato yapande kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Mdaiwa mgumu ni yule asiyejulikana yuko wapi. Muuguzi wa umma anajulikana yuko wapi. Mshahara wake unapita mikononi mwa Serikali kila mwezi kabla haujafika kwake. Katika nchi hii sijui mkopaji aliye salama zaidi kuliko huyo. Benki za biashara zinalijua hilo, ndiyo maana mawakala wao hawaishi kwenye hospitali na shule zetu wakigawa fomu za mikopo ya watumishi. Muuguzi anayetaka kusoma anaishia kwao, anakopa kwa riba ya mkopo wa matumizi, uleule wa kununulia bati na samani, na analipia kwa fedha hiyo ada ya taaluma ambayo taifa zima litaifaidi.

Sharti la umri nalo lina jinsia, ingawa halisemi. Wauguzi wetu wengi ni wanawake. Binti anamaliza stashahada katika miaka ya mwanzo ya ishirini, anasubiri ajira, anaipata, anapelekwa mbali, anaolewa, anazaa, ananyonyesha. Anapokuja kuinua kichwa, watoto wameanza shule na akili imetulia, ana miaka 36 na uzoefu wa miaka kumi na zaidi. Huo ndio umri ambao muuguzi angesoma kwa faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu kila nadharia inayofundishwa anaijua sura yake. Ndio umri ambao tumeamua amechelewa. Waliosoma masomo ya jinsia chuoni kwetu wanaweza kuandika tasnifu nzima juu ya sharti hili moja, nawaalika.

Nimezungumza juu ya mikopo ya shahada ya kwanza kwa sababu hakuna uzamili bila hiyo. Wengi wa wauguzi waliosajiliwa wanaofanya kazi leo wana stashahada. Ngazi yao ya kupanda ipo kwenye karatasi: miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu inamruhusu mwenye stashahada ya uuguzi yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, kuomba shahada ya kwanza, mradi awe na ufaulu unaotakiwa wa masomo ya kidato cha nne. Haya. Lakini mtu aliyekwisha kuzalisha akina mama mamia anapoingia chuo kikuu anaanzishwa mwaka wa kwanza, darasa moja na kijana wa kidato cha sita ambaye hajawahi kumshika mgonjwa mkono, na kwa kiasi kikubwa anafuata mtaala uleule, kwa muda uleule. Tume yenyewe inalitambua wazo la kupima maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Kuna mtihani wa namna hiyo kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu bila sifa za kawaida. Ajabu ni kwamba wazo hilo tunalitumia kumfungulia mtu mlango wa nje, halafu akishaingia tunajifanya hatumjui. Uzoefu wa miaka kumi ungeweza kupimwa, kwa ukali kabisa, na kupunguza mihula.

Sasa nije kwa wale wanaouliza, kwa sauti ya chini au ya juu, nesi anahitaji uzamili wa nini. Swali hili nimelisikia katika daladala na nimelisikia kwa maprofesa. Linatokana na picha ya muuguzi kama mkono wa daktari: achome sindano, apime joto, atandike kitanda. Anayeuliza hivyo hajawahi kulala wodini. Daktari hupita asubuhi na kuondoka. Saa nane ya usiku, wakati mapigo ya moyo yanabadilika na mama aliyejifungua anaanza kuvuja damu, aliyeko pale ni muuguzi, na uamuzi wa kwanza ni wake. Uwezo wa kuona kwamba jambo linaharibika kabla halijaharibika si kipaji cha kuzaliwa. Husomewa.

Ushahidi upo. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulioonyesha kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na upungufu wa asilimia 5 wa uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufariki. Mwaka 2014 timu yake ikachapisha mwingine katika jarida la The Lancet, safari hii kutoka nchi tisa za Ulaya, wenye wagonjwa zaidi ya 400,000. Kila asilimia 10 ya nyongeza ya wauguzi wenye shahada iliambatana na upungufu wa asilimia 7 wa vifo. Hizo ni hospitali za Ulaya na Marekani. Hazina wodi zetu wala uhaba wetu. Tena ni tafiti za uhusiano, na mwanafunzi wangu yeyote wa mbinu za utafiti atakumbusha kwamba uhusiano peke yake hauthibitishi sababu. Sawa. Lakini anayedai kwamba elimu ya muuguzi haina uzito mbele ya kifo ndiye mwenye wajibu wa kuleta tafiti zake sasa. Utafiti huohuo wa 2014 ulionyesha jambo la pili ambalo wapenzi wa shahada hulisahau: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo. Idadi ya wauguzi na elimu ya wauguzi zote mbili zinaua au zinaokoa. Ndiyo maana suluhisho la kuwatoa wodini ili wakasome ni suluhisho nusu.

Hapa kwetu takwimu za kitaifa za demografia na afya zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Viongozi wetu wameyataja mafanikio haya katika majukwaa ya ndani na ya kimataifa, na wana haki ya kujivunia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliounda ni wengi, lakini katika mstari wa mbele walikuwapo wakunga. Na kuna jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushughulika na takwimu za aina hii analijua: vifo vya mwanzo hupunguzwa kwa kumfikisha mama kituoni, vya mwisho, vile vigumu, hupunguzwa kwa ubora wa anayemkuta pale. Tumefika kwenye vigumu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya uhaba. Tukiwaruhusu wasome, nani atabaki? Naiheshimu hoja hii, na kwa sababu naiheshimu nasema ndiyo hasa inayodai programu za walio kazini. Wala hatuhitaji kuvumbua gurudumu jipya. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha katika Kenya, Uganda na Tanzania programu za kuwaendeleza wauguzi walio kazini, wakihudhuria darasani siku chache za wiki na siku nyingine wakiwa kazini kwao. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti wa Kenya kwenda stashahada kwa masomo ya kielektroniki, wanafunzi wakiwa katika vituo vyao vya kazi, kwa lengo la kuwafikia wauguzi 20,000. Hilo lilifanyika wakati simu janja hazijafika mikononi mwa watu. Leo jirani yangu anaangalia video za upasuaji kwenye simu yake akiwa ndani ya basi la mwendokasi, nasi bado tunamwambia elimu iko ndani ya jengo fulani, saa mbili asubuhi.

Tena tuna historia yetu wenyewe. Kwa miongo mingi nchi hii ilimchukua mganga aliyekwisha kufanya kazi vijijini, ikampa miaka miwili ya mafunzo, na kumrudisha akiwa Daktari Msaidizi. Watu hao ndio walioshika visu vya upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya, wakati madaktari wenye shahada wakiwa wachache na wakiishi mijini. Unaweza kubishana juu ya mwisho wa kada ile, na mimi nina maoni yangu ambayo si ya leo, lakini wazo lililoizaa lilikuwa la watu wenye akili: aliye kazini ni hazina, mjengee ngazi kuanzia pale alipo.

Wenzangu wa vyuoni wana hoja yao pia, na ninaijua kwa sababu nami hukaa katika vikao vya seneti za namna hiyo. Husema uuguzi ni taaluma ya vitendo, haufundishwi wikendi. Jibu langu ni swali: vitendo hivyo hufanyika wapi? Mwanafunzi wa kutwa hutolewa darasani na kupelekwa wodini akajifunze. Muuguzi aliye kazini yuko wodini tayari. Kinachokosekana ni msimamizi aliyeidhinishwa pale alipo, daftari la mazoezi linalokaguliwa kwa uaminifu, na chuo kilicho tayari kuzitambua hospitali za rufaa za mikoa, Mwananyamala, Amana na Temeke kwa kuanzia, kuwa vituo vya kufundishia uzamili. Nakubali kwamba hapo pana hatari. Programu za jioni katika fani nyingine zimewahi kugeuka mashine za kukusanya ada, tasnifu zikiandikwa na watu wa kukodiwa katika vibanda vya uchapaji. Muuguzi wa wagonjwa mahututi aliyenunua tasnifu ni hatari kuliko mwenye uzamili wa masoko aliyenunua yake. Kwa hiyo masharti yawe makali, Baraza la Uuguzi na Ukunga liwe na kauli ya mwisho juu ya umahiri wa vitendo, na chuo kinachochezea kifungiwe. Ukali huo ni mwafaka. Uvivu wa kukataa kufikiri kwa kisingizio cha ubora si mwafaka.

Kuhusu wale wanaohofia kwamba muuguzi akisoma atakwenda Uingereza au nchi za Ghuba, nitasema kidogo tu. Anayetaka kuondoka anaondoka na stashahada yake. Muuguzi aliyesoma akiwa kazini, kwa mkopo wa nchi yake unaokatwa kwenye mshahara wake na kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, ana nyuzi nyingi za kumfunga nyumbani kuliko yule aliyejilipia kwa mkopo wa benki na anayehitaji fedha za kigeni ili apumue.

Halafu kuna mambo yanayomsubiri akimaliza, na hapa nawaomba wasomaji wangu walio katika Utumishi wasome polepole. Muuguzi wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi. Akipata shahada anabadilishiwa kada kuwa Afisa Muuguzi. Sikia wanavyosimulia. Aliyekuwa amepanda madaraja kwa miaka kumi anaanza tena daraja la chini la kada mpya, na mshahara wake wa zamani unahifadhiwa kama mshahara binafsi, umesimama kama saa mbovu, mpaka ngazi mpya imfikie. Wakati huo mwenzake aliyekaa kimya bila kusoma anaendelea kupanda. Mwenye uzamili naye anarudi wodi ileile, zamu ileile, akiitwa sista uleule, na ubingwa wake unaonekana tu siku ya mahafali. Nchi hii iliwahi, mwaka 2017, kuorodhesha watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tuliwacheka na kuwalaani. Sikusikia mjadala mkubwa juu ya upande wa pili wa jambo lile: mfumo unaoabudu cheti na wakati huohuo kumchosha anayekitafuta kwa njia ya haki.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Serikali imeanza kulipia masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi katika sekta ya afya kwa ufadhili unaobeba jina la Rais Samia, na wauguzi hawakutengwa humo. Lakini ufadhili ni neema. Hutolewa kwa wachache waliochaguliwa, na hao wachache bado hutolewa wodini. Ninachodai ni njia ya kawaida, isiyohitaji bahati wala kujuana, ambayo muuguzi wa Mabibo au wa Mbagala anaweza kuipanga mwenyewe kama mhasibu anavyopanga yake.

Wanafunzi wangu wanaharakati hupenda madai makubwa. Mimi nina madogo. Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Muhimbili wakae wachague uzamili mmoja, ningependekeza wa ukunga, waufanye wa vipindi vya mafungu: wiki moja ya darasa kila baada ya wiki kadhaa, masomo mengine kwa mtandao, vitendo katika hospitali ya mwanafunzi mwenyewe chini ya msimamizi anayelipwa kwa kazi hiyo. Waajiri wa mkoa huu waandikishe zamu za kudumu kwa wanaosoma, ili mtu ajue tangu Januari kwamba Machi hatakuwa usiku. Utumishi iondoe adhabu ya kuanza upya kwa aliyejiendeleza ndani ya taaluma yake. Na Bodi ya Mikopo, ambayo kila mwaka hutoa mwongozo mpya kabla ya kufungua dirisha la maombi, iongeze kifungu kimoja kisemacho kwamba sharti la kutokuwa na ajira, sharti la umri na sharti la miaka mitano hayatamhusu muuguzi au mkunga aliyesajiliwa, aliyeajiriwa nchini, anayesoma uuguzi au ukunga huku akiendelea na kazi, na kwamba marejesho yake yataanza kukatwa mwezi uleule anaopokea mkopo.